Majitaka ya Dodoma ni mali, lakini si ya kumwagilia mchicha kwa kificho



Leo siongelei mbegu wala viuatilifu. Naongelea maji ambayo wengi wenu mnayajua, wachache mnayatumia, na karibu wote hamtaki kuyataja mbele ya mnunuzi. Naongelea majitaka. Na nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili msije mkasema bwana shamba anahubiri tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namhudumia kijana mmoja aliyekuwa analima mchicha na chainizi pembezoni mwa mji wa Dodoma, eneo kama robo tatu ya ekari. Kijana mchapakazi kweli, ana pampu ya petroli, ana daftari la mapato na matumizi, kitu ambacho wengi wenu bado nawapigia kelele mkifanye. Ilipofika mwezi wa tisa kisima chake cha mkono kikakauka. Jirani na shamba kulikuwa na mfereji unaopitisha maji machafu ya mji. Akatumbukiza mpira wa pampu mle. Nilipomtembelea akaniuliza bila kificho: "Bwana shamba, hii unaionaje?"

Nikaangalia matuta. Mboga nzito, kijani cha kung'aa, wakati mashamba ya wenzake yote ni vumbi. Nikamjibu: "Endelea tu. Jua la Dodoma linaua kila kitu."

Sentensi hiyo nimeijutia mpaka leo.

Wiki mbili baadaye akaja shambani mama mmoja aliyekuwa anachukua mboga kwa ajili ya jiko linalolisha watu wengi. Akauliza swali moja: "Hapa mnamwagilia maji gani?" Kijana akajibu, "Ya kisima, mama." Yule mama hakubisha. Akaufuata mpira wa pampu taratibu, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni mwa mfereji. Akasimama pale kidogo, akapanda bodaboda akaondoka. Simu hakupokea tena. Ndani ya siku chache wanunuzi wengine wawili nao wakapotea, maana sokoni habari hazihitaji gazeti.

Mnafikiri zile mboga zilitupwa? Hazikutupwa. Kijana aliziuza kwa bei ya kutupa kwa wachuuzi, na wachuuzi wakazipeleka mitaani. Zililiwa. Jioni moja wiki ileile nimekaa mezani nyumbani kwangu, bakuli la mchicha liko mbele yangu, watoto wanakula, na mimi najiuliza umetoka wapi. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo msimamo wangu leo ni huu: majitaka ya mji wetu ni mali, na kijana anayelima kibiashara ana haki ya kuyadai. Lakini yasafishwe kwanza, yapimwe, na yatumike waziwazi kwa zao linalofaa. Kuyachota kimyakimya na kumwagilia mboga za majani hakumpi mtu biashara ya kudumu. Siku mnunuzi akiufuata mpira, mtaji umekwisha.

Mto pekee usiokauka

Tusijifanye tatizo hili halipo. Dodoma ni nchi ya ukame. Kwa wastani mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki mkulima anaangalia mbingu bure. Maji ya bomba tunayotegemea miaka mingi yanatoka visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na visima hivyo vinategemea mvua hiyohiyo.

Sasa angalieni watu. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Serikali imehamia hapa, ofisi zimejengwa, nyumba za kupanga zimejaa, wanafunzi wameongezeka. Kila ndoo inayochotwa chini ya ardhi na kuingia jikoni au bafuni, sehemu kubwa inatoka tena ikiwa chafu. Jinsi mji unavyokua, ndivyo majitaka yanavyoongezeka. Mwezi wa kumi, korongo zote zikiwa mchanga mtupu, huo ndio mto pekee unaotiririka. Mkulima yeyote mwenye akili lazima ataufikiria. Simlaumu.

Ninachokataa ni kuuchukua mto huo kama ulivyo.

Mabwawa yanafanya kazi gani

Wengi mmepita karibu na mabwawa ya Swaswa mkaziba pua mkaenda zenu. Siku nyingine simameni muelewe, maana mfumo ule unafanana sana na kilimo. Unategemea jua, muda na viumbe hai.

Mabwawa ya aina ile hupangwa kwa mfululizo. La kwanza huwa refu kwenda chini, mita 2 hadi 5. Humo hewa hakuna. Tope zito linazama, na bakteria wasiohitaji hewa wanalila taratibu. Linalofuata lina kina cha mita 1 hadi 2. Hapo juu mnaona ukijani, ni mwani. Mchana mwani unatengeneza oksijeni, na bakteria wanaoihitaji wanamalizia uchafu uliobaki. Mwisho kuna mabwawa ya kukomaza, ya kina kifupi, ambamo jua linapiga na kuua vijidudu vya magonjwa. Mfumo huu unaweza kwenda bila mashine kubwa wala umeme mwingi. Kwa mji wenye jua kama letu ni teknolojia inayofaa kabisa.

Lakini una sharti moja: siku. Maji lazima yakae. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza kuwa hata kwa mazao kama nafaka, malisho na miti, maji yakae mabwawani angalau siku 8 hadi 10 ili mayai ya minyoo yazame. Bwawa likijaa tope kina kinapungua. Mji ukiongezeka bila kuongeza mabwawa, maji yanasukumana na kutoka kabla siku zake hazijatimia. Yatatoka yana rangi ileile ya kijani, macho hayataona tofauti, ila kazi haijaisha.

Na hapo tunaongelea maji yaliyopita mabwawani. Nyumba nyingi za Dodoma hazijaungwa kwenye mtandao wa majitaka. Zina mashimo na matangi, yakijaa linaitwa gari la kunyonya. Maji ya mfereji wa mtaani, kama yale ya kijana wangu, hayajapita bwawa lolote. Hayo hata tusiyajadili. Hayafai.

Jua linaua, ila si kila kitu

Nilimwambia kijana kuwa jua linaua kila kitu. Nilikosea mara tatu.

Kwanza, minyoo. Bakteria wengi wanakufa juani, ni kweli. Lakini yai la mnyoo wa tumbo, yule mrefu anayetoka kwa watoto, lina ganda gumu na linaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata miaka. Ndiyo maana miongozo ya WHO ya 1989, kwa mazao yanayoliwa mabichi, ilitaka bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100 za maji, na mayai ya minyoo yasizidi 1 kwa lita. Yai moja kwa lita nzima! Na mtu wa kwanza kuumia ni wewe unayesimama kwenye tuta peku, siyo mlaji. Safura inaingia kupitia ngozi ya mguu. Kijana anayelima na majitaka bila buti anauza damu yake kwa bei ya fungu la mchicha.

Pili, metali nzito. Maji ya gereji, betri chakavu na viwanda vidogo yakiingia kwenye majitaka yanaleta risasi na wenzake. Hizo hazifi kwa jua wala kwa kuchemsha. Zinabaki kwenye udongo wako, msimu baada ya msimu.

Tatu, chumvi. Jua likinyonya maji, chumvi inabaki, kwa hiyo mabwawani inazidi kukolea. Ongeza na sabuni za nyumbani zenye sodiamu, ambayo kwenye udongo wa mfinyanzi inafanya ardhi ishikane, maji yakae juu bila kuzama. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lina jedwali la uvumilivu wa mazao. Kipimo kinaitwa desisimensi kwa mita. Maharage yanaanza kupunguza mavuno maji yakivuka 0.7, vitunguu 0.8, zabibu 1.0, nyanya 1.7. Mtama unavumilia hadi 4.5. Kifaa cha mkono cha kupima chumvi ni kidogo, kinaingia mfukoni, na kikundi cha watu kumi mnaweza kuchangia kimoja. Kama una simu ya kisasa lakini kikundi chako hakina kipimo cha chumvi, jiulize vizuri kuhusu hiyo biashara.

Mbolea isiyo na bomba la kufunga

Sasa nije kwenye utamu wake, maana upo. Majitaka yana naitrojeni na fosforasi. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme maji yamepimwa yana miligramu 30 za naitrojeni kwa lita. Hiyo ni gramu 30 kwa kila mita ya ujazo. Ekari moja ikitumia mita za ujazo 2,000 kwa msimu, umeweka kilo 60 za naitrojeni. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Kwa hiyo umeweka zaidi ya mifuko miwili na nusu bila kwenda dukani. Chukua bei ya yurea ya leo uzidishe mwenyewe.

Ndiyo sababu mchicha ule ulikuwa unang'aa.

Lakini mfuko wa yurea unaufungua unapotaka na kuufunga unapotaka. Haya maji kila unapomwagilia umetia mbolea. Nyanya ikishaanza kutoa matunda hutaki naitrojeni nyingi, unataka maua yashike. Ukiendelea kuisukuma utapata majani ya kupendeza, matunda machache, na magonjwa ya ukungu juu yake. Nimeona watu wanatumia maji haya na bado wanaongeza yurea, halafu wananiita: "Bwana shamba, mbona haizai?" Haizai kwa sababu umeishibisha.

Basi tulime nini?

Ushauri wangu uko kwa maji yaliyosafishwa, yenye majibu ya maabara, na yaliyopatikana kwa ruhusa.

Malisho ndiyo ningeyaweka namba moja. Tuko katikati ya wafugaji, na kiangazi ng'ombe wanakonda wakati bei ya majani makavu inapanda. Mtama wa malisho unavumilia chumvi na unakula naitrojeni vizuri. Sharti ni kukata, kukausha na kufunga robota. Usifungulie mifugo ilale na kula kwenye shamba bichi, maana kuna minyoo tegu inayopita kwa ng'ombe na kumrudia binadamu kwenye nyama.

Miti na miche ya miti inafuata. Jiji linapanda miti kila mwaka, watu wanajenga, wanataka kivuli na mbao. Hakuna anayekula mti.

Zabibu, zao letu la heshima, inawezekana kwa masharti makali zaidi. Tunda linaning'inia juu, kwa hiyo umwagiliaji wa matone unayaweka maji chini mbali nalo. Lakini chumvi ipimwe kwanza. Kwa miti ya matunda WHO ilielekeza usimamishe umwagiliaji wiki mbili kabla ya kuvuna, usiokote tunda lililoanguka, na usitumie mitambo ya kunyunyiza juu. Mimi kwenye zabibu nazifuata hizo hizo. Kama hauko tayari kwa hayo, acha.

Mchicha, chainizi, figiri, matembele, karoti, vitunguu: hapana. Na sababu ni ya kilimo, siyo ya maneno tu. Kinga mojawapo ya kuua vimelea ni kukaa siku kadhaa bila kumwagilia kabla ya kuvuna. Mchicha kwenye jua letu ukiuacha siku tatu bila maji umelala chini. Utaumwagilia jioni, utavuna alfajiri, na maji ya jana bado yako kwenye jani.

Mnavyonijibu

Najua mtasema, "Bwana shamba, mchicha unapikwa." Ni kweli unapikwa, na moto unaua. Lakini kabla ya sufuria kuna mikono, kuna kisu, kuna ubao. Ubao huohuo uliokatia mchicha ndio utakatia nyanya na vitunguu vya kachumbari, na kachumbari haipikwi. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 Dar es Salaam na kusambaa mikoa mingi kilitufundisha jinsi ugonjwa mmoja unavyoweza kufunga biashara ya chakula mtaa mzima.

Mwingine atasema, "Nimekula mboga hizi miaka mitano sijaumwa." Pengine hujaumwa. Au una minyoo na unadhani ni uchovu wa kazi. Pima kwanza, ndipo tuongee.

Na yupo atakayesema jambo zito kuliko yote: "Kisima kirefu ni mamilioni, mimi sina. Nikiacha mfereji, nile nini?" Huyu simbezi. Ndiyo sababu sipendi kuona suluhisho pekee la wenye mamlaka likiwa kuja na mapanga kufyeka mboga. Ukifyeka leo, kesho mtu yuleyule atapanda mita mia mbili mbele, usiku. Umemfundisha kujificha, hujamfundisha kulima.

Tunachotakiwa kudai

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, uko kwenye nchi kame kuliko yetu. Tangu 1968 wanasafisha majitaka kiasi kwamba yanarudi bombani na watu wanayanywa. Sisemi tufanye hivyo kesho Dodoma. Gharama yake ni kubwa. Nasema hivi: watu wa kule wanayanywa kwa sababu yanapimwa muda wote, na wanajua yanapimwa. Kinachouzwa pale ni imani. Sisi hapa tunahitaji imani ya kiwango cha chini zaidi, ya kumwagilia mtama.

Kwa wenye dhamana ya maji na mipango ya mji, ombi langu ni dogo. Wekeni majibu ya vipimo vya maji yanayotoka mabwawani mahali ambapo mkulima anaweza kuyasoma, kila mwezi, kwa Kiswahili. Mnapopanga bwawa jipya, tengeni na ardhi ya malisho na miti chini yake, igawiwe kwa mikataba. Maji yanayomwagwa korongoni bure yanaweza kuingiza mapato.

Kwa nyinyi vijana, kazi ni kubwa zaidi. Mmoja mmoja hamtasikilizwa. Undeni kikundi, kisajiliwe, mwandike barua kwa mamlaka ya maji mkiuliza maswali manne: maji yanakaa siku ngapi mabwawani, yana mayai mangapi ya minyoo kwa lita, chumvi ni kiasi gani, na metali zipi zimepimwa. Fikeni pia bodi ya bonde, kwetu ni Wami/Ruvu, muulize habari za kibali cha kutumia maji. Nakala ipite kwa afisa kilimo wa kata. Nitasaini na mimi. Na siku mnunuzi akiuliza mnamwagilia maji gani, mmuonyeshe karatasi ya maabara na mkataba, mumwache aufuate mpira mpaka mwisho.

Yule kijana, kwa mnaotaka kujua, aliuza pampu kulipa deni, akaendesha bodaboda ya mtu msimu mzima. Sasa amekodi kipande chenye kisima, kidogo kuliko cha mwanzo, analima tena mboga. Tunasalimiana vizuri, na mwenyewe hajawahi kunilaumu. Yule mama hajarudi kwake.

Mimi ndiye niliyemwambia endelea. Kwa hiyo nikikukuta mwezi wa tisa mpira wa pampu uko mferejini, usiniulize naonaje. Jibu langu utakuwa umelisoma hapa.

Tukutane shambani.